Jina la Kwanza kwenye Orodha

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani. Nikiitaja mtasema nawasema jirani zenu, na jirani zenu watasema nawasema nyinyi, nami sina ugomvi na mtu. Niseme tu kwamba ni nchi yenye mvua za kutosha, viongozi wa kutosha, na sukari ya kupangia foleni.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja nzuri sana: kila orodha, iwe ya nini, ilianza na jina la Rais. Hakuna sheria iliyolazimisha. Ilikuwa adabu tu, kama kumwamkia mkubwa. Orodha ya wachangiaji wa harusi, namba moja Rais. Orodha ya wagonjwa zahanati, namba moja Rais. Mganga alimwita kwanza, akangoja kidogo kwa heshima, kisha akamwita wa pili. Timu ya mpira ilikuwa na wachezaji kumi na wawili kwenye karatasi, na wageni walipolalamika waliambiwa wakahesabu uwanjani. Shuleni mwalimu aliita jina la Rais na darasa zima likaitikia, "Yuko kazini!" Watu walizaliwa hivyo, wakazeeka hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Bi Mwanamvua Kidege naye hakuona ajabu. Miaka ishirini na sita alikuwa mtunza maandishi katika Nyumba ya Nyaraka, jengo lenye madirisha membamba nyuma ya posta. Humo mlihifadhiwa barua za kale, tenzi, mikataba, vitabu vya tiba, vingi vikiwa vya herufi za Kiarabu zilizopigwa kwa kalamu ya mwanzi. Kwa kila andiko Bi Mwanamvua alikuwa na kadi moja kwenye droo za mbao, kaiandika kwa mkono wake: nani aliandika, lini, wapi, na anasema nini. Namba moja, ndiyo, Rais. Lakini namba mbili palikuwa na jina la mwenyewe, na kulipata jina hilo mama huyu aliweza kuhangaika miezi mitatu, akiuliza wajukuu wa wajukuu.

"Mtu kaandika, kafa, kaoza," alizoea kusema. "Kilichobaki ni jina. Na hilo nalo nimwibie?"

Kadi zilikuwa elfu tisa na ushei, na katika zote hizo hakuna hata moja aliyokuwa ameandika jina la uongo.

*

Sasa siku moja, Waziri wa Kumbukumbu na Mambo ya Kesho, Mheshimiwa Dokta Makeke, akaleta kompyuta.

Wakati huo kompyuta haikuwa kitu cha kuweka mezani. Ilikuwa na ukubwa wa makabati manne, ikanguruma mchana kutwa, na ilitaka baridi. Kiyoyozi kilichofaa mjini kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa katika chumba cha maiti. Kikang'olewa kwa maelezo kwamba hakuna maiti hata mmoja aliyepinga.

Dokta Makeke alihutubia uani, jua la saa sita likiwachoma watu utosini.

"Ndugu wananchi! Jana imepitwa na wakati! Nchi nyingine zina kesho ya kisasa, lakini sisi tutakuwa wa kwanza kuwa na jana ya kisasa! Tutaziingiza kumbukumbu zetu zote ndani ya mtambo huu, na ikifika Sikukuu ya Jamhuri, lisilomo ndani ya mtambo halikuwahi kutokea!"

Watu wakapiga makofi, isipokuwa mama mmoja aliyeuliza kama ndoa yake imo. Akaambiwa akae.

Hati zenyewe, alisema Waziri, zimefanya kazi ya kutosha, kwa hiyo zinastaafu. Jioni ile ile zikafungiwa stoo, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Kompyuta ingelishwa kutoka kwenye kadi za Bi Mwanamvua, kisha kadi nazo zitupwe.

Bi Mwanamvua alikuwa bado amesimama uani, mikono kichwani, aliposikia anaitwa. Alikuwa mdogo wake, Kibwana, katoka kijijini kwao Kidundu, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini? Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Soma."

Ilikuwa notisi. Watu wa Kidundu wanatakiwa kuhama katika muda wa siku tisini, kwa kuwa ardhi yao imeteuliwa kuwa Shamba la Mfano la Mheshimiwa Dokta Makeke. Mfano wa nini, haikuelezwa.

"Kaya sitini na mbili, dada. Na notisi wameibandika kila mahali, hata kwenye kaburi la mama. Mama naye kapewa siku tisini."

Bi Mwanamvua alikaa chini palepale, kwenye ngazi. Aliumia na alikasirika. Lakini kichwani mwake droo ilikuwa inafunguka. Kadi namba elfu sita mia mbili na nne. Mwana Nunu binti Kondo, mwenye ardhi yote kati ya mto na kilima, miaka mia na thelathini iliyopita aliandika kwa mkono wake kwamba ameitoa kwa watu walioifyeka, wao na vizazi vyao. Hati ilikuwepo. Alikuwa ameishika.

"Basi twende nayo mbele ya Baraza la Ardhi," Kibwana akasema.

"Imo stoo, na ufunguo anao huyo huyo anayetuhamisha."

"Tumekwisha."

"Hatujakwisha. Kasema mwenyewe, lisilomo ndani ya mtambo halikutokea. Basi lililomo limetokea. Hati ya Mwana Nunu itaingia humo, hata kama ni kwa kusukumwa na bega."

*

Aliyeilisha kompyuta alikuwa Festo, mpwa wa Waziri, kijana mpole aliyesomea kazi hiyo ng'ambo kwa wiki sita, tatu kati yake akiumwa mafua. Kila kadi ya Bi Mwanamvua aliigeuza kuwa kadi nyingine yenye matundu, maana kompyuta ilisoma matundu tu.

"Yaani nilizijaza mimi miaka ishirini na sita," Bi Mwanamvua akasema, "wewe unakuja kuzitoboa."

"Ndiyo maendeleo, mama."

Dokta Makeke hakuwa mjinga wa kila kitu. Alikuwa amemwagiza mpwa wake mambo mawili. La kwanza, zianze hotuba zake mwenyewe, mia sita na kumi na mbili. La pili, kadi yoyote yenye neno Kidundu iwekwe pembeni, itashughulikiwa baada ya siku tisini. Kwa hiyo kila asubuhi Festo alizipekua kadi za kale moja moja, akitafuta Kidundu. Hotuba za mjomba hakuzipekua. Alizichapa vidole vikijiendea, macho dirishani, kwani mtu aliyezisoma zote angekuwa ameshaacha kazi.

Bi Mwanamvua akaliona hilo siku ya pili. Siku ya tatu akamletea Festo chai ya tangawizi na maandazi mawili, na alipokuwa anatafuna, kadi ya Mwana Nunu ikajipenyeza kati ya Hotuba ya Kufungua Choo cha Soko na Hotuba ya Kufunga Choo Hicho kwa Matengenezo. Festo akaichapa pamoja na nyingine, tika tika tika, akaomba andazi la tatu.

Bi Mwanamvua alirudi kwenye meza yake kwa furaha. Furaha yenyewe ikadumu siku nne.

Siku ya saba Festo alimwonyesha kurasa za kwanza zilizochapwa na mtambo. Kuukuu au jipya, utenzi au tiba, kila andiko lilikuwa na mtunzi mmoja: RAIS. Akafunua ukurasa, RAIS. Akafunua mwingine, RAIS.

"Festo, mwanangu, hii ni nini?"

"Ni nafasi, mama. Mtambo una nafasi ya jina moja tu. Ukiupa majina mawili unashika la kwanza, la pili unalimeza."

"Basi upe la pili!"

Festo aliinuka, akaufunga mlango, akarudi kwa kunyata.

"Niruke jina la Rais? Mama, mimi nina watoto."

"Kwani aliyeutengeneza hakujua kwamba kwetu orodha inaanza na Rais?"

"Hakuuliza. Na sisi hatukumwambia, maana nani asiyejua jambo hilo?"

Bi Mwanamvua alilia siku ile, alilia kabisa, kilio cha mtu aliyeibiwa nyumba nzima. Elfu tisa! Mashehe, manahodha, wake wa wafalme, mafundi wa dawa, yule kipofu aliyetunga beti mia nne akiwa kifungoni, wote wamefagiwa. Na Mwana Nunu pamoja nao. Watu wangeweza kuipata ardhi, lakini aliyeitoa asingekuwepo tena.

Kadi zenyewe ziliuzwa kwa wauza karanga, kwa kuwa zilikuwa ngumu na zilikunjika vizuri. Tangu siku hiyo Bi Mwanamvua akawa mlaji mkubwa wa karanga. Alisimama getini akichagua: "Sitaki hiyo, nifungie kwenye ile yenye maandishi mengi." Alizila za kukaanga, za kuchemsha, za chumvi, akanenepa mashavu, na wenzake ofisini wakaanza kunong'ona kwamba bibi ana mimba ya uzeeni. Siku ya arobaini na tatu aliifungua karanga ya shilingi moja, na kadi ya Mwana Nunu ikamtazama, imelowa mafuta. Akaitia kwenye mkoba, akazimwaga karanga.

*

Sikukuu ya Jamhuri ikawadia. Orodha ya Taifa ikazinduliwa, mabuku ishirini na moja, yamebebwa na askari wawili wawili. Dokta Makeke akatangaza kwamba mtambo, kwa utafiti wake wenyewe usio na upendeleo, umegundua kuwa Rais ametunga maandiko elfu tisa mia tatu na kumi. Kila jina la Rais lilipotajwa watu walisimama, kama ilivyo adabu huko, na siku ile walisimama na kukaa mpaka wazee wakaomba wabaki wima.

Rais mwenyewe alishtuka kidogo, lakini kushtuka kukapita. Vyuo vitatu vikampa shahada: ya ushairi, ya unajimu, na ya tiba ya mbuzi. Akazipokea. Alikuwa na mabega mapana, joho lilimkaa.

Shida ikatoka chumbani. Mke wake, Mama wa Taifa, alipenda mashairi. Akafungua buku la nane, akakuta utenzi wa beti mia mbili wa kumsifia Mwana Zena: macho yake, shingo yake, na mambo mengine ambayo mimi siwezi kuyataja mbele yenu. Mtunzi: RAIS.

"Huyu Zena ni nani?"

"Mke wangu, simjui."

"Beti mia mbili humjui? Ungemjua ingekuwaje?"

Kwa wiki nzima Rais alilala kwenye chumba cha wageni wa kitaifa. Angeweza kuukana utenzi. Lakini akiukana mmoja, na ile mingine? Na majoho? Mwisho akakiri. "Nilikuwa bado sijaoa," akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu, kwani alikuwa bado hajazaliwa pia.

Kisha mwalimu mmoja mstaafu akaandika gazetini, kwa heshima na taadhima, kuuliza imekuwaje Rais kutunga dawa ya kikohozi cha mbuzi miaka mia mbili na kumi na moja iliyopita. Lo! Bunge likakutana kwa dharura. Dokta Makeke akawasilisha muswada wenye kifungu kimoja: "Mtambo haukosei. Atakayesema umekosea, kakosea yeye, na atafungwa miaka mitano." Wabunge wakapiga kura kwa orodha. Namba moja akakubali, na waliofuata hawakuona sababu ya kubishana naye.

Bi Mwanamvua aliisoma sheria hiyo kwenye gazeti, kituo cha basi. Akaisoma tena polepole. Halafu akacheka peke yake, na waliokuwa karibu wakasogea mbali naye.

*

Siku ya themanini na nane ya notisi, Baraza la Ardhi likaketi. Watu wa Kidundu walijaa ukumbini na ndoo zao na vifaranga vyao, kwani wengine walikuwa wameshafungasha. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mizito, na alikuwa anaogopa kila upande.

Dokta Makeke alisimama bila karatasi, mikono nyuma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sitawachosha. Watu hawa wanadai wamepewa ardhi. Na nani? Lini? Mimi nawaheshimu wananchi, lakini naiheshimu sayansi zaidi. Tuuulize mtambo!"

Bi Mwanamvua alikuwa benchi ya pili, kaushika mkono wa Kibwana.

"Dada, kweli imo?"

"Imo. Omba Mungu tu umeme usikatike."

Festo akatumwa. Kutoka jengo la pili mtambo ukasikika ukinguruma, ukapiga mluzi, ukakohoa. Nusu saa ikapita. Kifaranga kimoja kikalia, kikanyamazishwa. Festo akarudi na karatasi ndefu, uso umempauka. Akamtazama mjomba wake. Mjomba akamwonyesha ishara ya kichwa: soma, kijana, soma kwa sauti.

"Neno lililotafutwa, Kidundu. Limepatikana andiko moja," Festo akasema. Akauangalia mstari uliofuata mara mbili. "Mtunzi: Rais."

Ukumbi mzima ukasimama. Dokta Makeke naye akasimama wima, desturi ni desturi.

"Tarehe: miaka mia moja na thelathini iliyopita. Maelezo: NIMEWAPA WATU WA KIDUNDU ARDHI MILELE."

Dokta Makeke alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Haiwezekani! Miaka mia na thelathini? Huo mtambo ume..."

Akakwama hapo. Mwenyekiti akavua miwani yake. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumtazama Waziri machoni.

"Mtambo ume-nini, Mheshimiwa?"

Askari mlangoni akajisogeza hatua moja. Dokta Makeke alikuwa anatoka jasho mpaka tai ikashika rangi nyingine. Mbele yake ilikuwepo sheria yake mwenyewe, miaka mitano. Nyuma yake lilikuwepo neno la Rais, na huko hata miaka haihesabiwi.

"Umependeza," akasema Dokta Makeke. "Nasema, mtambo umependeza sana."

"Baraza linakubaliana nawe," akasema Mwenyekiti. "Ardhi ni ya watu wa Kidundu, milele, kwa mkono wa Rais."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, ukuta ulibakia kidogo tu uanguke. Bi Mwanamvua alimkumbatia mdogo wake na ndoo yake na kifaranga chake, akalia tena, safari hii bila kuona haya.

*

Jumamosi ikawa sherehe Kidundu. Pilau, mbuzi wawili, ngoma tangu asubuhi. Pa kuingilia kijijini walikuwa wameshasimamisha ubao: ARDHI HII TUMEPEWA NA MHESHIMIWA RAIS. Chini wakaandika mwaka, ambao babu yake Rais alikuwa bado hajatahiriwa.

Bi Mwanamvua alikwenda kwanza kwenye kaburi la mama yake, akaibandua notisi. Kisha akasimama mbele ya ubao, akausoma, na pilau ikamshinda.

"Kibwana, nani katupa ardhi hii?"

"Rais, dada."

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu."

Kibwana akaangalia huku na huku. "Dada, mtambo haukosei. Siku ukikosea tu, tunahama. Sasa unataka nini?"

Bi Mwanamvua akautazama ubao tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuingiza uongo ule, na uongo ulikuwa umewalaza watu wa kaya sitini na mbili na watoto wao majumbani mwao. Angeusema vibaya vipi?

Baada ya kula wakamletea karatasi na kalamu. Wizara ilitaka orodha ya wenye ardhi ya Kidundu, iingizwe kwenye mtambo Jumatatu, ikae humo daima. Mwenye mwandiko mzuri alikuwa yeye. Wazee wakamzunguka, Kibwana akamshikia taa ya karabai, kwani jua lilikuwa linazama.

Bi Mwanamvua akatoa mkobani kadi moja yenye mafuta, inanuka karanga, akaitazama ili asikosee hata herufi. Kisha akaandika.

Kibwana akachungulia begani.

"Dada. Huyo namba moja ni nani?"

"Mwana Nunu binti Kondo. Ndiye aliyetupa."

"Na Rais?"

"Namba mbili."

Katika nchi ile, tangu iitwe nchi, hakuna aliyewahi kuiona orodha ya namna hiyo. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Watatufunga wote," Kibwana akanong'ona. "Dada, watatufunga mpaka mbuzi."

"Kwa lipi? Festo ataichapa kama ilivyo, hajawahi kusoma kitu. Mtambo una nafasi ya jina moja, la kwanza utalishika, la pili utalimeza." Akapuliza wino ukauke. "Na ukishalishika, mwanamume gani katika nchi hii atasimama aseme mtambo umekosea?"

Kibwana alifikiri. Akaisogeza taa karibu zaidi.

"Haya," akasema. "Na mama mwandike wa tatu."